Dungusi la Msituni na Utunzaji Wake

Ukiulizwa dungusi kakati ni mmea wa namna gani, huenda ukajibu kwamba ni mmea wa jangwani, wenye shina nene na miiba mikali, usiohitaji maji mengi. Jibu hilo ni sahihi kwa madungusi mengi, lakini si kwa yote. Liko dungusi moja ambalo halioti jangwani, bali huota juu ya miti katika misitu yenye mvua. Shina lake ni jembamba kama uzi mnene, nalo likisha kukua halina miiba. Tena, katika madungusi yote ya dunia, hilo peke yake ndilo linalohesabiwa kuwa mmea wa asili wa Afrika.

Katika somo hili utajifunza kulitambua dungusi hilo, kulipanda ndani ya kopo na kulitunza nyumbani au darasani. Utajifunza pia kanuni moja itakayokufaa kwa mmea wowote utakaoupanda maishani mwako: anayetaka kuutunza mmea ni lazima kwanza ajue mahali unapoota wenyewe, na jinsi unavyoishi hapo.

Jamii ya madungusi

Jamii ya madungusi ina aina zaidi ya 1,000. Karibu zote asili yake ni bara la Amerika. Nchi ya Meksiko ni mojawapo ya nchi zenye aina nyingi kupita kiasi.

Bila shaka umewahi kuona mpungate. Huo ni mmea wa jamii ya madungusi ambao shina lake ni bapa, na lina vipande vilivyoungana kama sahani nene za kijani. Kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492, mpungate haukuwapo Afrika. Watu waliuleta kutoka Amerika ili wapate ua wa kuzuia wanyama, na kwa ajili ya matunda yake. Mahali pengine umeenea kupita kiasi. Katika Laikipia, nchini Kenya, mpungate umevamia malisho, na miiba yake huwadhuru mifugo.

Chunguza mpungate kwa uangalifu, bila kuushika. Utaona mambo haya:

1. Shina lake ni nene kwa sababu limehifadhi maji.
2. Miiba yake ni majani yaliyobadilika. Kwa kuwa hauna majani mapana, mmea haupotezi maji mengi wakati wa jua kali.
3. Shina lake ni la kijani, yaani lina umbijani. Kwa hiyo shina ndilo linalotengeneza chakula cha mmea kwa msaada wa mwanga wa jua. Katika mimea mingi kazi hiyo hufanywa na majani.
4. Miiba haikutawanyika ovyo. Hutoka katika vivimbe vidogo vyenye manyoya.

Vivimbe hivyo ndivyo alama ya jamii yote ya madungusi. Miiba, manyoya, maua na matawi mapya hutoka hapo. Ukitaka kujua kama mmea ni dungusi, usitafute miiba, kwa maana mimea mingi isiyo madungusi ina miiba pia. Tafuta vivimbe.

Dungusi la msituni lilivyo

Wataalamu wa mimea huliita dungusi hilo *Rhipsalis baccifera*. Sehemu ya kwanza ya jina ilitolewa na Joseph Gaertner, mtaalamu wa Ujerumani, mwaka 1788. Inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya fito zilizosukwa. Sehemu ya pili ni ya Kilatini, na maana yake ni "lenye kuzaa matunda madogo". Katika somo hili tutaliita dungusi la msituni.

Mashina yake ni ya mviringo, laini na ya kijani. Unene wake ni milimita chache tu. Hayasimami wima kama ya mpungate, bali huning'inia kuelekea chini na kugawanyika matawi mengi, hata mmea mzima ukafanana na ndevu ndefu za kijani. Katika msitu mashina hayo huweza kufikia urefu wa meta kadhaa.

Ukitazama shina kwa kioo cha kukuzia, utaona vivimbe vidogo sana vilivyopangika huku na huku. Hiyo ndiyo alama inayotuonyesha kwamba mmea huu laini ni ndugu wa mpungate. Ushahidi mwingine huonekana mmea ukiwa mchanga. Mche uliotoka katika mbegu huwa na manyoya magumu kama vimiiba. Mmea ukikua, manyoya hayo hupotea.

Maua yake ni meupe na madogo, kila moja halifiki sentimita moja. Baada ya maua hutoka matunda ya mviringo, makubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Matunda mengi yakiiva huwa meupe, na ngozi yake huwa nyembamba hata mbegu nyeusi za ndani huonekana. Nyama ya tunda inanata kama gundi.

Linavyoishi juu ya mti

Dungusi la msituni huota katika misitu yenye unyevu ya Afrika ya Mashariki, kama ile ya milima ya Usambara na ya Kilimanjaro. Huota pia mahali pengine pa Afrika, katika kisiwa cha Madagaska, na katika nchi ya Sri Lanka. Huko Amerika huota katika eneo kubwa sana, toka Florida hadi Amerika ya Kusini.

Mara nyingi utaliona juu ya tawi la mti mkubwa, au juu ya mwamba. Je, linaunyonya mti huo? La. Mmea unaonyonya mti mwingine huitwa kimelea. Kimelea huingiza mizizi yake ndani ya mti na kuchukua maji na chakula. Dungusi la msituni halifanyi hivyo. Mizizi yake hushika gome kwa nje tu. Mti ni mahali pake pa kukaa, kama vile kigoda kilivyo mahali pa kukaa mtu. Mtu aliyekaa juu ya kigoda hali kigoda.

Kama halinyonyi mti, linapata wapi mahitaji yake? Katika panda na nyufa za matawi hukusanyika majani yaliyooza, vumbi na vipande vya gome. Humo dungusi hupata madini. Maji hupata kutokana na mvua na ukungu. Mwanga hupata kidogo kidogo kupitia majani ya mti ulio juu yake.

Sasa fikiri juu ya maji hayo. Mvua ikinyesha, tawi hulowa lote. Lakini maji hayakai juu ya tawi: hutiririka chini upesi, na upepo hukausha gome. Kwa hiyo mizizi ya dungusi hili imezoea mambo mawili kwa pamoja: kulowa mara kwa mara, na kupata hewa wakati wote. Kati ya mvua na mvua mmea hutumia maji machache yaliyohifadhiwa katika mashina yake.

Kumbuka jambo hilo, kwa sababu kanuni zote za kulitunza dungusi hili zinatoka hapo. Mtu asiyelijua huweza kuliua kwa njia mbili. Akisikia jina "dungusi", huliweka juani na kulinyima maji. Akisikia neno "msituni", hulimwagilia kila siku mpaka mizizi ikaoza.

Lilifikaje Afrika?

Ikiwa madungusi mengine yote asili yake ni Amerika, hili lilivukaje bahari? Wataalamu wametoa maelezo mbalimbali. Wengi hufikiri kwamba lililetwa na ndege. Ndege hupenda matunda yake. Mbegu zinanata, kwa hiyo hushika katika mdomo, na ndege huzisugua juu ya tawi. Mbegu nyingine hutoka pamoja na kinyesi. Ndivyo dungusi linavyosafiri kutoka mti hadi mti. Inawezekana kwamba zamani sana ndege waliosukumwa na upepo walizivusha mbegu hadi Afrika. Wataalamu wengine hufikiri kwamba mabaharia waliuchukua mmea huo katika merikebu zao. Wanasayansi wanaendelea kulichunguza suala hilo.

Hadhari: usilichanganye na mnyaa

Mnyaa ni mmea unaopandwa mara nyingi kuwa ua wa nyumba au wa boma. Matawi yake ni ya mviringo, membamba na ya kijani, kwa hiyo mtu asiyechunguza vema huweza kudhani kwamba ni dungusi la msituni. Lakini mnyaa si dungusi. Hauna vivimbe vyenye manyoya, na matawi yake husimama kuelekea juu. Tofauti kubwa ni utomvu. Tawi la mnyaa likivunjika hutoka utomvu mweupe kama maziwa.

Utomvu huo ni wa hatari. Huwasha ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kudhuru uwezo wa kuona. Kwa hiyo usivunje tawi la mmea usioujua ili kuuchunguza. Mwonyeshe mwalimu kwanza. Mtu akiingiwa na utomvu jichoni, asifikiche jicho. Alioshe mara moja kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali. Tena, usionje tunda wala jani la mmea usioujua.

Jaribio la 1: Je, udongo una hewa?

Vifaa: bilauri au chupa nyeupe yenye mdomo mpana, udongo mkavu, maji.

Jinsi ya kufanya: Jaza udongo mkavu hadi nusu ya bilauri. Mimina maji polepole juu yake. Tazama kwa makini.

Umeona nini? Viputo vinatoka katika udongo na kupanda juu. Viputo hivyo ni hewa iliyokuwa katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo. Maji yamechukua nafasi yake.

Mizizi ni hai, nayo inahitaji hewa. Ikiwa nafasi zote za udongo zimejaa maji siku nyingi, mizizi hukosa hewa, hufa na kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji. Ndiyo sababu mmea uliomwagiliwa kupita kiasi hunyauka kama mmea ulio na kiu, na mwenye mmea asiyejua sababu huongeza maji tena!

Jaribio la 2: Udongo upi unafaa?

Vifaa: makopo matatu ya ukubwa mmoja yenye matundu chini, kikombe, mabakuli matatu, mchanga, udongo wa mfinyanzi, na mchanganyiko wa mboji, makumbi na mchanga.

Jinsi ya kufanya: Jaza kopo la kwanza mchanga, la pili udongo wa mfinyanzi, na la tatu mchanganyiko. Vyote viwe vikavu, na kimo kiwe sawa. Weka kila kopo juu ya bakuli lake. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. Baada ya dakika 10, pima maji yaliyokusanyika katika kila bakuli.

Andika majibu yako katika daftari. Maji yalipita upesi zaidi katika kopo gani? Katika kopo gani yalisimama juu? Siku ya pili, gusa udongo wa kila kopo. Upi umebaki na unyevu bila kuwa tope?

Kwa kawaida mchanga hupitisha maji upesi lakini hauhifadhi unyevu mwingi. Udongo wa mfinyanzi huhifadhi maji mengi lakini una hewa kidogo. Mchanganyiko huachilia maji ya ziada na kubaki na unyevu wa kutosha. Huo ndio unaofanana na majani yaliyooza katika panda la mti.

Kulipanda dungusi la msituni

Njia iliyo rahisi ni kupanda kipande cha shina. Omba kipande kwa mtu anayeupanda mmea huu katika bustani yake. Usiuchume katika msitu wa hifadhi.

Vifaa: kopo au kifuu kikubwa cha nazi, msumari na nyundo, waya au kamba imara, makumbi ya nazi, mboji, mchanga mkubwa wa mtoni, vipande vya mkaa, na kisu safi.

Hadhari: usitumie kopo lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu au sumu nyingine, hata kama limeoshwa. Mdomo wa kopo lililokatwa ni mkali. Mwombe mtu mzima aupondeponde kwa nyundo. Kisu kitumike mbele ya mwalimu au mzazi.

Jinsi ya kufanya:

1. Kata kipande cha shina kizima chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kiweke mahali pakavu penye kivuli kwa siku mbili au tatu, mpaka jeraha la mkato likauke. Jeraha bichi likiingia katika udongo wenye unyevu huweza kuoza.
2. Loweka makumbi katika maji usiku mmoja, uyasuuze ili kuondoa chumvi, kisha uyakatekate vipande vidogo. Mahali pasipo na nazi, tumia vipande vya magome makavu ya miti.
3. Changanya sehemu mbili za makumbi, sehemu mbili za mboji na sehemu moja ya mchanga. Usitumie mchanga wa pwani, kwa sababu una chumvi. Ongeza vipande vichache vya mkaa.
4. Toboa matundu matano au sita chini ya kopo, na matundu matatu karibu na mdomo kwa ajili ya waya.
5. Jaza mchanganyiko, uache nafasi ya sentimita 2 juu. Usiushindilie.
6. Simika kipande kwa kina cha sentimita 2 au 3. Ukiwa na vipande vitatu au vinne, vipande katika kopo moja ili mmea uwe mnene.
7. Nyunyiza maji kidogo. Tundika kopo mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali.

Baada ya wiki kadhaa vuta kipande polepole sana kwa vidole viwili. Ukiona kinashika, mizizi imeota. Usikivute kila siku, maana utaikata mizizi michanga.

Kulitunza

*Maji.* Usimwagilie kwa kufuata kalenda. Uulize udongo. Tia kidole hadi sentimita 2. Ukihisi unyevu, subiri. Ukihisi ukavu, mwagilia mpaka maji yatoke katika matundu ya chini, kisha acha. Njia nyingine ni kuinua kopo: likiwa jepesi, linahitaji maji. Wakati wa kiangazi utamwagilia mara nyingi zaidi kuliko wakati wa masika. Maji ya mvua ni bora, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi huacha chumvi katika udongo. Usiache sahani yenye maji chini ya kopo. Maji yaliyotuama huozesha mizizi, na tena mbu hutaga mayai humo.

*Mwanga.* Mahali pazuri ni karibu na dirisha, barazani, au chini ya mti. Jua la asubuhi halina madhara. Jua la mchana hubabua mashina yakawa mekundu au ya manjano, nalo hulipasha kopo moto hata mizizi ikadhurika. Lakini usiliweke gizani pia, kwa sababu mmea usiopata mwanga hauwezi kutengeneza chakula.

*Chakula.* Mara moja kwa mwezi mmea unapokua, uupe maji ya samadi yaliyozimuliwa mpaka rangi yake iwe kama ya chai nyepesi. Samadi nyingi huunguza mizizi. Kumbuka kwamba huko mtini mmea huu huishi kwa madini machache.

*Baridi.* Mmea huu hauvumilii baridi ya kugandisha. Katika sehemu za milimani zenye umande wa kuganda, uingize ndani usiku.

*Wadudu.* Wakati mwingine wadudu wadogo weupe, wanaofanana na pamba au unga, hukaa penye maungio ya mashina na kunyonya maji ya mmea. Wafute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, kisha suuza mmea kwa maji safi. Rudia baada ya wiki moja.

Kusoma dalili za mmea

Mmea hausemi, lakini huonyesha dalili. Jifunze kuzisoma.

– Mashina yamekuwa laini na meusi karibu na udongo: maji ni mengi mno. Kata vipande vizima vilivyobaki, uvikaushe jeraha, uvipande upya katika udongo mpya.

– Mashina yamesinyaa na udongo ni mkavu: mmea una kiu. Mwagilia.

– Mashina yamesinyaa ingawa udongo umelowa: mizizi imeoza. Usiongeze maji. Fanya kama ilivyoelezwa hapo juu.

– Mashina yamekuwa mekundu au ya manjano upande wa jua: jua ni kali. Hamisha kopo.

– Machipukizi ni membamba mno, dhaifu na yenye rangi hafifu: mwanga ni mdogo. Sogeza kopo karibu na dirisha.

Angalia dalili ya pili na ya tatu. Mashina yanafanana, lakini sababu zake ni kinyume. Mwanasayansi hatoi dawa kwa kutazama dalili moja tu. Kwanza hutafuta sababu.

Jaribio la 3: Kulinganisha makopo mawili

Panda kipande kimoja katika kopo A lenye matundu, na kingine katika kopo B lisilo na matundu. Mchanganyiko wa udongo, urefu wa vipande na mahali pa kuyaweka makopo viwe sawa. Mwagilia kopo A udongo ukikauka tu. Mwagilia kopo B kikombe kimoja cha chai kila siku. Kopo likijaa maji, punguza kiasi ili yasimwagike. Kila Ijumaa, kwa muda wa wiki nane, andika tarehe, rangi ya shina, na kama shina ni gumu au laini. Mwisho, ng'oa vipande vyote viwili uchunguze sehemu zilizokuwa chini ya udongo. Eleza uliyoyaona kwa kutumia yale uliyojifunza katika Jaribio la 1.

Dungusi na msitu

Dungusi la msituni huhitaji matawi ya miti mikubwa na kivuli chake, na huhitaji ndege wa kuzitawanya mbegu zake. Mti ukikatwa, dungusi huanguka pamoja nao. Jua kali la mahali palipokatwa miti hulikausha. Hivyo mtu anayekata mti mmoja wa msituni hajui ameangusha viumbe wangapi.

Nchi nyingi za dunia zimekubaliana kuzuia biashara mbaya ya mimea na wanyama wa porini. Mkataba huo uliafikiwa katika mji wa Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975. Madungusi ya porini, pamoja na hili la msituni, yamo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa. Wewe nawe unaweza kusaidia. Kipande kimoja kilichotunzwa vema darasani huweza kutoa vipande vingine vingi, na kila mwanafunzi akapata chake bila msitu kuguswa.

Mambo ya kukumbuka

1. Si kila dungusi ni mmea wa jangwani, na si kila mmea wenye miiba ni dungusi.
2. Alama ya jamii ya madungusi ni vivimbe vidogo ambamo hutoka miiba, manyoya, maua na matawi.
3. Dungusi la msituni hukaa juu ya mti lakini si kimelea.
4. Mizizi inahitaji maji na hewa pia.
5. Mmea hutunzwa kwa kufuata hali ya mahali unapoota wenyewe.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya mpungate na dungusi la msituni. Taja pia jambo moja linaloonyesha kwamba ni mimea ya jamii moja.
2. Kwa nini shina la dungusi huweza kufanya kazi ya majani?
3. Eleza jinsi ndege wanavyozitawanya mbegu za dungusi la msituni.
4. Utatofautishaje mnyaa na dungusi la msituni bila kuvunja tawi?
5. Mwanafunzi mmoja alimwagilia dungusi lake kila asubuhi. Lilipoanza kunyauka, akaongeza maji. Udongo ulikuwa tope. Mweleze kosa lake, na umwonyeshe la kufanya.
6. Tarehe 1 Machi shina lilikuwa na urefu wa sentimita 14. Tarehe 1 Juni lilikuwa na sentimita 20. Kwa wastani lilikua sentimita ngapi kwa mwezi?
7. Kwa nini jeraha la kipande cha shina huachwa likauke kabla ya kupandwa?

Kazi ya kufanya

Chagua mmea mmoja unaopandwa nyumbani kwenu. Waulize wazazi na wazee umetoka wapi, na huko kwake hupata jua, maji na udongo wa namna gani. Kisha chunguza mahali mlipoupanda. Je, panafanana na huko unakotoka? Andika jambo moja mnaloweza kubadili ili mmea huo ustawi zaidi.